Kigoda cha Vestina

Ipole, 3 Juni 2024

Baba Gerson,

Usinihesabie siku. Wiki tatu nzima sijakujibu, na kosa ni langu: mtoto anaota meno, haniachii mkono wa kushika kalamu, na simu bado iko kwa fundi. Hujambo lakini? Vidole havijavimba kwa kuchomwa? Sisi wazima, ila Gerson ana kifua.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kila mstari muuguzi Vestina. Vestina anakupimia ugali kwenye mizani, Vestina anakutoa damu kila nusu saa, Vestina anakaa kwenye kigoda mbele yako saa mbili nzima baada ya kula, anaandika. Mume wangu, miaka minne nakupikia na sijawahi kukuona ukitafuna. Unakula barazani na kaka zako. Kwangu inarudi sahani tupu. Leo mwanamke wa Gongoni huko mjini ndiye anayejua unaanza na mboga au na ugali!

Utafiti wa sukari hapo hospitalini sikatai, wewe ndiye uliyeukubali. Ila nimempa Awadhi wa basi matobolwa, vile viazi vikavu, na kichupa cha asali ya mizinga yako. Ule na cha kwako.

Mkeo,
Mama Gerson

Tabora, 9 Juni 2024

Mama Gerson,

Namshukuru Mungu, nimeamka. Kifua cha mtoto kimelegea?

Asali ilifika. Nikailamba kwa siri kabla ya chakula chao cha asubuhi. Sukari ikapanda hadi kumi na sita! Wakadhani uji wao ndio umenidhuru, wakawazuia wenzangu wote kula. Watu kumi na mmoja, tumbo tupu mpaka adhuhuri. Nikaona aibu, nikasema ukweli. Nikirudia, natolewa.

Vestina akacheka: “Huyo mama ana wivu kuliko nyuki wako!” Ana wajukuu watano, kama hilo litakupoza.

Daktari ameniuliza, nyumbani nani atakaa nami baada ya kula, aandike vipimo? Nikamwambia nitauliza nyumbani.

Mumeo,
Baba Gerson

Ipole, 14 Juni 2024

Baba Gerson,

Umeamkaje? Gerson sasa analala, ila bado anakohoa.

Nisamehe asali. Nilitaka ukumbuke kwako, kumbe nakupeleka alikopita marehemu baba yako, aliyekatwa mguu kwa sukari hiyohiyo. Niombee radhi kwa wale walioshinda na njaa.

Lakini wajukuu hawanipozi. Wivu wangu si wa sura ya Vestina. Ni wa pale anapokaa.

Eti unauliza? Mwambie daktari ni mimi. Kaka zako wabaki na baraza lao, na wakicheka wacheke. Wewe utakula jikoni, mboga kwanza, ugali mwisho, nikikutazama.

Mkeo,
Mama Gerson

Mpe Awadhi vitu hivi, usisahau hata kimoja: kipimo cha sukari na vijiti vyake, sindano za kidole, karatasi ya mpangilio wa chakula, daftari, kalamu mbili, dawa ya kifua ya Gerson. Na kigoda kifupi kama cha Vestina. Cha kukalia mimi.