Asiyepigiwa ni Mzima

Mamboya,
2 Machi 2025

Mwanangu Mathias,

Pokea salamu za huku milimani, mvua imeanza kwa fujo. Sisi tunaamka. Kifua chako kimeacha, au bado unakohoa hilo vumbi la saruji?

Maharage yameingia ardhini, ila mwaka huu aliyelima ni mdogo wako Devota. Mimi nilikaa ukingoni mwa shamba kama mgeni. Kiuno kinauma na nguvu zimenikimbia. Kanisani nimeacha benchi, nasimama nyuma karibu na mlango. Usiniulize kwa nini.

Devota ananisumbua niende hospitali. Nimemwambia wale manesi wa Kilosa walinipima kizazi mwaka juzi, wakasema atakayeonekana na tatizo atapigiwa simu, asiyepigiwa ni mzima. Niliwapa namba yako kwa kuwa mimi sina simu. Hawakupiga. Basi huu ni uzee tu.

Lazaro wa lori anakuletea barua hii na magimbi. Yakipungua muulize yeye, huwa anayapenda mno.

Mama yako,
Magreti


Mikumi,
16 Machi 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Magimbi nimepata, yamepungua mawili. Kifua kimeacha, mwili ndio umechoka. Watu huandika hapa kwamba natumaini u mzima. Mimi siandiki hivyo leo, na utaona sababu.

Wiki hii zege lilisimama, nikapata kibarua kwenye hoteli iliyopokea kongamano la madaktari wa saratani za kizazi. Wamekuja wa mikoani na wa nje. Kazi yangu ilikuwa viti, kuvipanga asubuhi na kuvipanga upya kila walipobadilisha ukumbi. Mengi walisema kwa Kiingereza, nami niliishia kidato cha pili, nikawa napita tu.

Siku ya pili akasimama daktari mmoja mwanamke, Daktari Yusrah, akasema Kiswahili. Akaeleza kwamba kina mama vijijini wanajitokeza, wanapimwa, wenye tatizo wanapigiwa, halafu hawarudi. Wakawafuata nyumbani kuuliza kwa nini, wakakuta wengi hawakuambiwa kitu. Namba iliyoandikwa kwenye fomu ilikuwa ya mume, ya kaka, ya mtoto wa kiume. Akasema, "Ujumbe unafika vizuri kabisa. Unafia mfukoni mwa mwanaume."

Nilikuwa na viti vinne begani. Nilisimama navyo hadi akamaliza.

Mama, walipiga.

Ilikuwa Oktoba ya mwaka juzi, tunachanganya zege. Simu yangu sikio lilikuwa limekufa, nasikia kwa spika tu. Nesi akasema kwa sauti, kijiwe kizima kinasikia, kwamba mlango wa kizazi cha mama yako una mabadiliko, mwambie arudi ndani ya wiki mbili, ni matibabu ya siku moja. Ulimboka, mwenzangu wa zege, akaangusha koleo kwa kucheka. "Mkunga Mathias! Kesho tukuletee wake zetu!" Nikamjibu nesi "sawa, sawa," nikakata. Alituma na ujumbe wa maandishi. Niliufuta, maana Ulimboka huazima simu yangu.

Nilisema nitamwambia Devota akwambie. Nikaona aibu hata kwa Devota. Krismasi ya mwaka ule ule nilikuja nyumbani. Ulikuwa unachagua mbegu za maharage, ukaniuliza bila kuinua macho, "Wale wa Kilosa hawajapiga?" Nikasema hawajapiga.

Nilimfuata yule daktari wakati nakusanya viti. Nikamweleza. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Akauliza, "Mama anatoka damu?"

"Sijui. Mtoto wa kiume hawezi kumwuliza mama yake hayo."

"Mdomo umegoma. Na mkono umegoma?"

Ndiyo maana naandika. Ningepanda gari nije, lakini najijua, ningefika nikakaa nikaanza kuzungumzia mvua. Karatasi ya daktari iko ndani ya bahasha. Ionyeshe hospitali ya Kilosa. Nenda mama, nakuomba, usingoje mavuno.

Mwanao,
Mathias


Mikumi,
13 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Lazaro anasema barua alikupa mkononi kabla maji hayajabeba daraja. Nikamwuliza ulisema nini baada ya kuisoma. Anasema uliikunja, ukaitia kifuani, ukamwuliza bei ya mahindi mjini.

Sasa njia imefunguka, na jana amerudi mikono mitupu.

Ulimboka nimemweleza yote. Hakucheka. Tangu juzi ananibebea ndoo zangu za zege nami namwacha, na sijui ni nani kati yetu anayelipa deni.

Usiponijibu nitaelewa. Ila karatasi ya daktari usiitupe.

Mwanao


Hospitali, Kilosa,
9 Mei 2025

Mathias,

Marahaba, zote mbili. Nimechelewa kwa sababu barua tatu za kwanza zilikuwa matusi, nikazichana. Hii ni ya nne.

Uliandika habari ya Krismasi. Pasaka ya mwaka jana nilikuuliza tena, umeshika mkoba unaondoka. Hiyo umesahau kuiandika.

Damu ilianza mwaka jana wakati wa kuvuna. Nilijifunga vitambaa, nikasema, sikupigiwa. Mwezi uliofuata nikasema hivyo hivyo. Neno lako nililitumia kama dawa, asubuhi na jioni.

Na hiyo aibu yako. Pale unapopaonea haya ndipo ulipopitia kuja duniani, na siku hiyo hakuna aliyeona haya, hata mkunga, naye alikuwa kijana wa kiume.

Tumeshuka na Devota. Wamekata kipande kidogo wakakipeleka Dar kupimwa. Daktari hakunificha. Ugonjwa umesogea, ile tiba ya siku moja wakati wake umepita. Anasema mionzi bado inaweza kusaidia, majibu ndiyo yatakayosema. Usinitie moyo kwa barua, mtie Devota, analia akidhani nimelala.

Sijakusamehe. Umeniambia kweli, nami nakuambia kweli.

Leo nesi alijaza fomu, akauliza namba ya kupigia majibu yakitoka. Devota amenunua simu hapa mjini, akataja yake. Nikamwambia nesi aifute. Nimempa yako, ile ile.

Wakipiga, usiandike. Panda gari uje, ukae mbele yangu, unitazame, uyaseme kwa mdomo wako jinsi watakavyoyasema.

Mama yako