Ramani Yenye Jina Langu

Nsambya, Kampala

Kwa dada yangu Wakesho,

Mama anaendeleaje na lile goti? Na wewe, kifua kimepona? Mwili wangu ni mzima, lakini moyo unachemka. Nimeona nikuandikie wewe kabla sijamtukana mtu ofisini.

Unajua kazi yangu huku ni kupima ardhi na miamba kwa niaba ya serikali. Kabla mvua hazijaanza, tulitumwa kwenye mteremko mmoja, ukishuka kutoka Kibuli. Tunapigilia vigingi vya chuma, tunapitisha umeme kidogo ardhini, na mashine inatuonyesha kilichoko chini. Mwamba huukataa umeme. Udongo uliolowa huupitisha. Siku nne nilipiga nyundo kwenye uwanja wa Bibi Zaitun, mjane wa Kinubi. Kila siku alituletea chai.

"Wewe mutoto ya Kenya," akaniuliza, "unaona nini huko chini?"

"Maji, Bibi. Udongo umelegea kabisa."

Nikachora ramani, nikapitisha mstari mwekundu nyuma ya nyumba yake na za jirani zake. Chini ya mstari huo asijenge mtu, na waliopo wahame mvua ikikolea. Nikamkabidhi mkuu wa kitengo.

Wakazi wakaitwa mkutanoni. Tajiri anayetaka kujenga ghorofa pale alikaa kiti cha mbele. Mkuu akabandika ramani ukutani. Wakesho, mstari haukuwepo! Jina langu lipo, mstari hakuna. Nilisimama.

"Ramani hii si yangu. Kuna mstari umefutwa."

"Mkenya, kaa chini! Wewe kazi yako kupima. Kusema ni kazi yangu."

"Basi futa na jina langu."

Kesho yake nikahamishiwa stoo, kubandika namba kwenye vipande vya mawe.

Kisha mvua ikanyesha siku mbili bila kupumua. Bibi Zaitun akapita mlango kwa mlango, amejitanda kanga, mwavuli umepinduka, akiwaambia watu, "Yule musichana alisema. Mutoke!" Wakatoka. Kilima kikashuka asubuhi, watu wakitazama, kikafunika nyumba nne. Hakufa mtu. Lakini Okello, fundi cherehani, alikuwa amerudi ndani kuchukua cherehani yake. Ukuta ulimwangukia, na mguu wake umekatwa juu ya goti. Ule mguu wa kukanyagia cherehani.

Nilikwenda kumwona hospitali. Hakunifokea, heri angenifokea. Aliniuliza tu, "Kama mulijua, mbona karatasi ilisema hakuna shida?" Nililia kama mtoto.

Sasa sikiliza ujeuri. Mkuu amekwenda redioni kusema, "Sisi tuliwaonya mapema, ni watu wabishi." Halafu akaniita, mlango ukafungwa, akanisukumia karatasi. Imeandikwa kwamba mstari niliusahau mimi.

"Tia sahihi, urudi kazi yako ya zamani. Una mama wa kutunza, si ndiyo?"

Alimtaja mama yetu, Wakesho! Kwa mdomo ule ule! Niliichana vipande vinne, nikamwekea mezani. Barua ya kufukuzwa bado sijapewa, lakini itakuja.

Daftari langu la vipimo ninalo. Jumatatu naongozana na Bibi Zaitun na mke wa Okello kwa mwenyekiti wa mtaa, na baada yake popote tutakapoelekezwa. Mkuu anategemea hawatazielewa namba. Nitawasomea mwenyewe, moja moja, mpaka waelewe.

Usiniandikie kwamba nitulie.

Msalimie Mama, lakini la kufukuzwa usimwambie kwanza. Msalimie shemeji, na mjomba anayetuangalizia shamba, na huyo mwanao wa mwisho ambaye sijambeba bado. Mama akiuliza narudi lini, mwambie Okello bado anajifunza kutembea na magongo, na mimi ndiye ninayemshika mkono.

Mdogo wako mwenye hasira,
Mkawasi