Parachuti Nililolifua Mwenyewe

Jumamosi, saa tano asubuhi. Upepo umeshaamka. Unatupa vumbi mlangoni mwa intaneti kafe, na kaka wa kaunta ameziba dirisha moja kwa kipande cha boksi. Hali ya moyo: mbaya. Nimetafuta neno zuri zaidi, sina.

Leo parachuti limekataa kunyanyuka. Mara ya nne.

Kwa ambaye hajawahi kupita kwenye blogu hii (labda hakuna anayepita): mimi na mjomba wangu, fundi pikipiki, tuna paramota. Ni parachuti kubwa, pamoja na injini ndogo yenye pangaboi ambayo unaibeba mgongoni. Ilikuwa ya mzungu mmoja, mhandisi wa barabara. Nikiwa darasa la sita nilimwona akipita nayo juu ya mashamba ya alizeti, miguu inaning'inia kama mtu aliyekaa ukingoni mwa kitanda. Alipoondoka alimwachia mlinzi wake, na mlinzi akaitupa stoo miaka yote hiyo kwa sababu hakujua aifanyie nini. Mwaka huu mjomba akaichukua kwa mbuzi watatu. Mmoja alikuwa wangu. Bibi alinipa nilipofaulu kwenda sekondari.

Niseme ukweli kwa nini nilimtoa mbuzi wangu. Darasani siwezi kunyoosha kidole hata jibu nikiwa nalijua. Mwalimu akinitazama tu, shingo inawaka moto. Niliona kule juu hakuna atakayeniuliza kitu.

Ilipofika nyumbani, parachuti lilikuwa linanuka panya. Mama akaziba pua.

"Hiyo kafa Ulaya hailali ndani mwangu haijafuliwa. Unamjua aliyekufa nayo?"

"Hajafa mama, alihama."

"Amekufa, amehama, wewe fua."

Kwetu ndivyo ilivyo. Cha mtumba chochote, hata soksi, kinapita kwanza kwenye maji ya moto. Nilichota ndoo kumi na moja, na maji yenyewe mnajua yalivyo ya shida. Nikaweka sabuni ya unga. Nikalikanyaga kwa miguu kama tunavyofua mablanketi, nikalikamua, nikalianika juu ya jabali nyuma ya nyumba. Siku tatu, jua lote. Likatoka linang'aa, linanukia. Mjomba akalizunguka mara mbili, mikono kiunoni, akasema, "Mpwa wangu, hili sasa ni la harusi."

Nilitembea na hilo neno wiki nzima.

Sasa nifike kwenye lile ninaloliogopa.

Ndani ya mfuko wake kulikuwa na kijitabu. Kiingereza kitupu. Mjomba aliishia darasa la saba, Kiingereza chake ni cha majina ya vipuri. Akanikabidhi kile kijitabu gerejini mbele za watu akasema, "Huyu ndiye macho yangu." Nilitamani ardhi inimeze, lakini pia nilijisikia mtu. Nikamsomea kurasa za injini zote, namna ya kuchanganya petroli na oili, plagi, kabureta. Yeye anafungua, mimi natafsiri. Ikawaka.

Kurasa za kitambaa nikaziruka. Nilisema moyoni, kitambaa ni kitambaa, nani asiyejua kitambaa?

Leo tulikuwa uwanjani kabla jua halijatoka, maana upepo wa hapa ukishaamka hauna urafiki na mtu. Injini tuliiacha, kwanza ujifunze kulisimamisha parachuti kwa kamba zake. Mjomba akajifunga mikanda. Wachungaji wawili wakasimamisha ng'ombe wao kututazama.

"Rubani wa mitumba! Ukifika Dodoma utusalimie!"

"Nitawaletea zabibu!" mjomba akawajibu, akaanza kukimbia.

Likavimba nusu. Likatoa pumzi kama mzee anayekaa kitini, kisha likamwangukia kichwani. Wale wachungaji walicheka mpaka wakashikana. Mjomba akalaumu upepo. Akalaumu viatu vyake. Mimi hakunilaumu.

Wakati tunalikunja akasema, "Jumamosi ijayo tunapanda kilimani, na injini yetu. Kule nikishika mteremko, haliwezi kukataa."

Nikarudi nyumbani nikafungua kijitabu, safari hii kurasa za kitambaa. Ukurasa wa ishirini na mbili. Usitumie sabuni. Usitumie maji ya moto. Usikamue. Usiliache juani. Kitambaa kimepakwa kitu chembamba kinachozuia hewa isipite, na kikitoka hakirudi.

Yote niliyafanya. Kwa bidii.

Kwenye mfuko kulikuwa na kiraka kipya cha akiba. Nikakibana midomoni nikapuliza. Hewa haikupita hata kidogo. Nikapuliza parachuti letu. Ilipita kama kwenye kanga.

Sikulia. Nilikaa tu juu ya lile jabali nilipoanikia. Nilimfikiria mbuzi wangu, halafu nikaona aibu kumfikiria mbuzi. Mjomba amekuwa akichekwa wiki nne kwa ajili ya kosa langu, na anarudisha utani kwa furaha. Anaamini macho yake yanaona.

Nimejaribu kujidanganya. Nikinyamaza, hata kilimani litagoma, atachoka, litaishia kuanikiwa alizeti. Hakuna atakayejua.

Ila kijitabu kinasema parachuti la namna hii linaweza kunyanyuka vizuri tu, kisha likajikunja huko juu, na mtu yuko chini yake.

Ninachokiogopa sasa ni kwamba labda litanyanyuka.

Mdomo wangu naujua. Nikisimama mbele yake nitasema "Mjomba, nili..." halafu nitauliza kama amekula. Kwa hiyo nimeutafsiri ukurasa wote kwa Kiswahili kwenye karatasi ya daftari. Sikuruka mstari. Chini nimeongeza mmoja ambao haumo kwenye kijitabu: Nililifua mimi, na hiki kitabu nilikuwa nacho.

Kutoka hapa nilipokaa naiona gereji, ng'ambo ya barabara. Amechuchumaa, anamwonyesha mteja kwa kiganja jinsi atakavyokipita kile kilima. Mteja anacheka. Mjomba anacheka zaidi yake.

Kompyuta inaonyesha nimebakiwa na dakika nne.

Parachuti jingine halipo, na mbuzi hawapo. Sioni mimi na yeye tutabaki na nini baada ya hapa. Lakini shikamoo naiweza, hata siku mbaya hainishindi. Asubuhi nilishamwamkia, nitamwamkia tena. Shikamoo, kisha karatasi, kisha nitasimama palepale mpaka afike mstari wa mwisho.