Habari Kamili ya Pawa za Winifrida

Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
8 Julai 1956

Mpendwa shemeji Kasmir,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Hujambo wewe, na dada yangu Mektilda, na lile goti lake? Kahawa imezaa? Yule ng'ombe mkorofi bado anawapiga mateke? Sisi hatujambo. Mimi mwenyewe nina afya ambayo daktari aliyenipima majuzi aliwaita wenzake waje waione.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa. Unasema Agnesi alipopita hapa alimkuta binti yako Winifrida uani akiziimbia pawa za jikoni, na kwamba kama nimemtia wazimu nimpandishe basi arudi nyumbani. Shemeji, Agnesi alikaa kwangu kikombe kimoja cha chai. Ngoja nikupe habari kamili.

Mwalimu Theophil, mkuu wa kwaya ya watoto kanisani kwetu, alitangaza kuwa atachagua mtoto mmoja amfundishe kupiga kinanda. Sharti ajue kusoma noti za muziki kwenye karatasi. Siku hiyo Winifrida hakula. Akaniambia, "Mjomba, nakitaka kile kinanda kuliko kitu chochote." Nikamwambia umefika, maana nilikwisha kumweleza jinsi nilivyopuliza tarumbeta kule Burma, adui wakaweka bunduki chini wakaomba nirudie.

Nilianza na kitabu cha noti. Haikupita dakika kumi, mwanangu Tarsis amelala na Winifrida anahesabu nzi. Basi nikaenda Mchafukoge kununua kamba kwa Bwana Natvarlal. Akaniuliza, "Bwana Aristides, umeanza kufuga mbuzi?" Nikamjibu nafuga nyimbo. Sokoni nikachukua pawa kumi na mbili, maana upawa ukiutazama vizuri ni noti kamili, kichwa cha mviringo na mkia wake. Upawa mpya ni noti ndefu, upawa uliopakwa masizi ni noti fupi. Nikafunga kamba tano uani, moja juu ya nyingine, nikatundika pawa, nikasema haya, imbeni.

Shemeji, watoto waligeuka wengine! Asubuhi walipanga wimbo kabla ya kunawa uso. Siku moja mke wangu Clotilda alichomoa upawa mmoja akapakulie maharage. Watoto walipofika penye pengo wakanyamaza, wakahesabu moja, wakaendelea. Mwenye nyumba wetu, mzee Mwinyimvua, alianika shuka kwenye kamba ya pili. Winifrida akamwendea kwa adabu. "Shikamoo babu. Shuka yako ni ndefu mno, tunaishiwa pumzi."

"Marahaba," akasema mzee. "Basi imbeni mpaka ikauke."

Kulikuwa na jambo moja dogo. Ukurasa wa kile kitabu wa kueleza sauti gani inakaa mstari gani ulikwisha kuliwa na panya. Nikatumia akili. Sauti nene ni ya mtu mzima, sauti nyembamba ni ya mtoto. Mtu mzima hukaa juu, mtoto hukaa chini. Nani angepanga vingine?

Mtihani ulikuwa Jumamosi ya wiki jana, wazazi tumejaa kwenye mabenchi. Mwalimu Theophil akatoa karatasi ya wimbo ambao hakuna aliyewahi kuusikia. Watoto watatu wa kwanza waliitazama karatasi, kisha kila mmoja akaimba wimbo wa kanisani anaoujua. Akaja Winifrida. Mahali pa kupanda yeye akateremka, mahali pa kuteremka akapanda, na hakutetereka hata kidogo. Watu wakaanza kucheka. Mwalimu akauliza, "Binti, nani kakufundisha?"

"Mjomba wangu yule pale. Alikuwa bendi ya jeshi."

Mabenchi yote yakageuka. Nikautazama mlango, nikaona uko mbali.

Lakini Mwalimu alikuwa anafuata karatasi kwa kidole. Akasema, "Nyamazeni. Huyu amepindua tu. Hatua zote ni zenyewe, na urefu wake ni wenyewe. Wenzake wamekariri, huyu anasoma." Akamwelekeza kwamba sauti nyembamba ndiyo inayokaa juu, arudie. Shemeji, kabla ya kurudia, mtoto alinitazama mimi kwanza. Nikaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa anangoja wakati ufike. Akaimba tangu mwanzo hadi mwisho, sawasawa, mara moja tu. Kinanda ni chake.

Tukatembea hadi karibu na nyumbani. Kisha akaniuliza, "Mjomba, lile tarumbeta ulikuwa unalipuliza kweli?"

Nikamwambia nilikuwa naling'arisha. Lakini niliking'arisha kitu, shemeji, hata mkuu wa bendi alikitumia kama kioo cha kunyolea ndevu.

Hakucheka. Tangu Jumatatu, akitoka kwenye kinanda, anazipanga pawa upya na kuniambia, "Mjomba, kaa." Jana nilipata noti nne kati ya nane. Tarsis alinizomea, Winifrida akamtoa nje. Anasema nina sauti nzuri ila nina haraka, na kwamba tukienda hivi nitasoma wimbo mzima kabla ya Krismasi. Miaka kumi na mmoja tangu vita viishe, hakuna mtu aliyewahi kukaa na mimi akanifundisha.

Kwa hiyo usimwite nyumbani, Kasmir. Kinanda anakihitaji yeye, lakini anayekuomba ni mimi.

Nisalimie Mektilda, mwambie akande goti kwa maji ya moto. Nisalimie na Severa mdogo, na Agnesi pia, aje tena akae vikombe viwili. Mungu aitunze nyumba yenu na kahawa yenu. Naishia hapa, maana mwalimu wangu ameniita mara mbili na hapendi kungojeshwa.

Shemeji yako asiyeacha kukupenda,
Aristides