Shule Mbili za Chiriku

Tarehe 3 Novemba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje? Mara ya mwisho uliniambia linakugomea kwenye ngazi, nami sijatulia tangu hapo. Sisi huku wazima. Makochi ya watu yametujaa karakanani mpaka mlangoni. Mimi nipo kwenye cherehani, baba Chiriku kwenye springi na sponji. Chiriku mwenyewe ameng'oka jino la mbele, na kila mteja anaonyeshwa pengo, atake asitake.

Nina jambo nataka ushauri. Mwakani mjukuu wako anaanza darasa la kwanza. Hapa mjini kuna shule mbili za serikali zinazofundisha kwa lugha mbili. Ya kwanza iko kilimani: Kiswahili na Kiingereza. Ina maktaba, ina bustani, na wazazi wanaigombea kama mpira wa kona. Ya pili iko nyuma ya soko: Kiswahili na lugha ya alama. Watoto viziwi na wanaosikia wanakaa dawati moja. Nilipoitaja kwa jirani yetu muuza vitabu, aliniuliza kwa upole kama mtoto ana tatizo.

Hana tatizo. Anasikia hata yale usiyotaka asikie. Ila unajua mwenyewe, alianza kuzungumza na baba yake kwa mikono kabla hajaweza kutamka "maji". Na baba yake, aliyezaliwa kiziwi, hasemi anataka shule ipi. Nikimuuliza ananijibu kwamba mtoto aende panapomfaa, kisha anarudi kwenye kochi lake. Wewe uliyekula mkate wa lugha mbili mahakamani maisha yako yote, unasemaje?

Mwanao akupendaye


Tarehe 17 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Goti siku hizi linanisalimu kabla sijaamka. Zaidi ya hapo sijambo, nakula, nalala, na nagombana na redio. Mbusu huyo mwenye pengo.

Swali lako halina ugumu. Mpeleke kilimani. Katika ukalimani wangu nimeona watu wazima, wengine na mvi zao, wamesimama kizimbani hawajui wanashtakiwa nini mpaka mimi nifungue mdomo. Kiingereza kilinitoa jikoni kwa watu kikanikalisha karibu na hakimu. Mtoto mwenye lugha hiyo habaki nje ya mlango akisubiri kuambiwa kilichosemwa ndani.

Lugha ya alama anayo tayari. Kairithi kwa baba yake pamoja na ile pua. Sasa shule ya nini? Samaki hapelekwi darasa la kuogelea.

Na usidhani namdharau mkwe wangu. Kochi alilonitengenezea ndilo nililokalia nikiandika, na wageni wote lazima walisifu ndipo wapewe chai. Kila nikija kwenu tunaongea naye vizuri sana, Chiriku akiwa katikati yetu. Mtoto ana ulimi wa bibi yake. Usiuache ukalala.

Mama yako


Tarehe 9 Desemba

Mama mpendwa,

Shikamoo tena. Natumaini hujambo na redio imekubali yaishe. Sisi tuna afya, ila kichwa changu ni kama sufuria lililofunikwa likichemka.

Tulikwenda kilimani. Baba Chiriku alivaa shati lake la harusi. Mwalimu mkuu ni mtu mwema, sina la kumlaumu. Alimpa Chiriku kitabu, akasoma bila kukwama, na papo hapo tukaambiwa nafasi ipo. Baba yake akawa na maswali. Chiriku akasimama katikati kama kawaida yake, mikono juu, macho huku na huku. Baba akiuliza, mtoto anasema. Mwalimu mkuu anajibu, ila ananitazama mimi. Ikafika mahali mwalimu akasema mtoto ana akili sana, lakini ni mbishi na atahitaji kunyooshwa kidogo. Chiriku akamgeukia baba yake, akamwambia kwa mikono: "Anasema nina akili sana." Akaishia hapo.

Nilikaribia kucheka. Halafu baba yake akauliza, kukiwa na mkutano wa wazazi itakuwaje? Mwalimu mkuu akamshika Chiriku bega, akasema, "Si yupo huyu? Mtoto hodari kama huyu atakutafsiria." Alisema kwa kumsifu. Njiani kicheko kikaniisha. Mtoto wangu wa miaka sita ndiye anayeamua baba yake ajue nini. Alilala mgongoni kwangu kabla hatujafika nyumbani, na hatukuwa tumetembea mbali.

Juzi tukaenda nyuma ya soko. Uwanja ni vumbi, madirisha mawili yamezibwa kwa mbao. Mwalimu wa darasa la kwanza akatoka nje, akamsalimu mume wangu kwa mikono. Mama, waliongea. Mume wangu aliuliza kuhusu hesabu, kuhusu Kiingereza (kipo, kama somo, kuanzia darasa la tatu), kuhusu watoto wanaopigana, mpaka kuhusu madirisha, akaahidi kuja kuyarekebisha. Sijawahi kumwona akimuuliza mgeni maswali mengi hivyo.

Chiriku alikuwa amekwisha kusimama katikati yao, mikono tayari. Akamtazama huyu, akamtazama yule. Hakuna aliyemhitaji. Akanijia, akaninong'oneza, "Mama, mimi nifanye nini?"

Nikamwambia, "Kacheze."

Alirudi magoti yamejaa vumbi, amepata rafiki, wameshagombana na kupatana.

Ijumaa lazima nijibu kilimani. Naijua kauli yako, na naiheshimu. Ila nisingependa uje kusikia kwa mtu mwingine kwamba nimekwenda kinyume nayo.

Mwanao


Tarehe 20 Desemba

Mwanangu,

Natumaini barua hii inawakuta wote wazima. Najua Ijumaa imepita na umeshajibu. Hata sikuulizi ulijibu nini.

Nitakusimulia jambo. Siku moja tulikuwa na kesi ndefu, mashahidi wamefuatana tangu asubuhi. Hakimu akanitazama, akaniuliza kwa Kiingereza, "Mkalimani, umechoka?" Nami nikamgeukia mshtakiwa nikamtafsiria: "Mheshimiwa anauliza kama umechoka." Mahakama nzima ikaangua kicheko. Nikacheka nao. Nilishasahau kwamba mle ndani kuna mtu anayeweza kuulizwa jambo, na mtu huyo ni mimi.

Na mimi nilikuwa mtu mzima, kazi yangu niliichagua mwenyewe, jioni naiacha mahakamani na kwenda zangu. Chiriku ataiacha wapi?

Kiingereza niachie mimi. Likizo aje huku, nitampa mpaka akimbie.

Mama yako


Tarehe 2 Februari

Mama,

Shikamoo, na asante. Barua yako nilimsomea baba Chiriku kwa mikono, kituo kwa kituo. Ile ya hakimu alitaka nirudie.

Chiriku ameanza nyuma ya soko. Jirani muuza vitabu bado ananionea huruma. Mwalimu ametuita mara moja tu: anasema mtoto ni mbishi. Safari hii baba yake ameambiwa mwenyewe. Karibu uje uone.

Mwanao


Tarehe 14 Julai

Mwanangu mpendwa,

Nimefika nyumbani salama kutoka kwenu. Goti limelalamika safari nzima, lakini nililiambia limeona mambo makubwa, linyamaze.

Siku ile ya wazazi shuleni kwa Chiriku wewe ulibaki nyuma ukiwagawia watoto juisi, kwa hiyo nadhani hukuniona. Mumeo alipoitwa mbele kuzungumza kwa niaba ya wazazi, na mwalimu akasimama pembeni kuyatoa maneno yake kwa sauti, midomo yangu ilianza kucheza yenyewe, kama farasi mzee aliyesikia tarumbeta. Kisha nikaifunga, nikasikiliza. Alisema watoto wajifunze kuongea na kila mtu, na wajifunze pia kumwacha kila mtu aongee. Watu wakainua mikono na kuipunga hewani, ndiyo makofi yao. Nami nikapunga, mpaka mkoba ukanidondoka.

Baada ya hapo nilimtafuta Chiriku aje anisemee nimpongeze baba yake. Nikamwona kupitia dirisha, yuko nje anaruka kamba na wenzake, hana habari na sisi. Nikataka kumwita. Nikaacha.

Nikamwendea mkwe wangu mwenyewe. Jana yake nilikuwa nimemwomba mwalimu anifundishe maneno mawili matatu, nikayafanyia mazoezi chooni kwenu, mlango umefungwa, ila nilikuwa naogopa kuyakosea. Nikayasema. Akanishika kidole gumba taratibu, akakisogeza kidogo juu, karibu na moyo, kumbe nilikuwa nakiweka tumboni. Nikarudia.

Nilimwambia, kwa mikono yangu hii, kwamba najivunia yeye. Akaelewa.

Mama yenu