Maji ya Bwawani Uliyoyaomba

Wifi yangu Tumaini,

Nimekaa juu ya jiwe letu la kufulia, miguu nje ya maji. Ukungu haujapanda bado. Shamba la kijiji silioni kabisa, na bwawa lenyewe naliona nusu tu, nusu nyingine naikumbuka. Nimekuja kukuungamia. Nilikudanganya ukiwa kitandani, wifi, na nimeshindwa kukaa na jambo hilo.

Bwawa limegeuka kijani. Si majani ya pembeni, ni maji yenyewe, mazito, yametulia kama uji uliopoa. Siku ya kwanza nilisimama nikayatazama, nikayaona mazuri, Mungu anisamehe. Baadaye perege wakaelea matumbo juu, harufu ikatufuata mpaka majumbani, watoto wakaharisha, nasi tukaacha kuchota.

Unakumbuka tulipohamishiwa hapa, nyumba hazina hata milango, ukasema kwamba penye maji kama haya mlango unaweza kusubiri? Kila ulipochota ulionja kwanza kiganjani, umefumba macho kama uko kanisani. Nilikucheka sana. Nilikuuliza unaonja nini, maji si mchuzi. Ukanijibu kwamba mke wa kaka yako ataelewa wapi, na ugali wake una madonge. Hilo la madonge lilikuwa kweli.

Kisha nguo zikaadimika. Dukani kitambaa hakuna, na vitenge vya ng'ambo vilivyofika Tunduma viliishia hukohuko kwa wenye kujuana. Ni mimi niliyeitazama mifuko mitupu ya mbolea ya chumvichumvi, ile iliyorundikwa ghalani, nikaona mashuka na kaptula za watoto. Ni mimi niliyebeba ya kwanza hadi bwawani. Kwenye pindo mbolea ilikuwa imeganda mabonge. Nikayakung'uta majini, yakayeyuka, nikaona kazi imekwisha. Wiki ileile wanawake walijipanga mstari kwenye jiwe hili. Msimu ukaja, mwingine ukaja, nasi tunafua mifuko tu.

Wewe peke yako ulikataa. Ulisema, "Ikiotesha mahindi, itaotesha na vilivyomo majini." Nikakuambia una wivu kwa sababu cherehani ni yangu. Uliondoka, na siku tatu hukuja kuomba moto kwangu. Maneno yale yananiuma hadi leo, wifi.

Ulipolala ukiugua kifua, bwawa lilikuwa limeshaharibika, ila wewe hukuweza kutoka ukaliona. Ukakataa maji mengine yote. Ulitaka ya bwawani. Basi kila asubuhi nikawa napanda na ndoo, napita kilima hadi kule mwambani yanakotoka matone, nakinga mpaka jua linachomoza, narudi nimelowa umande. Nakuinua kichwa, nakunywesha, nakuambia ni ya bwawani. Ulikuwa unayashikilia mdomoni kidogo kabla ya kumeza. Siku moja ukaniuliza kama tumeacha kufua mifuko. Nikasema tumeacha. Na asubuhi hiyo nilikuwa nimeanika miwili uani.

Sijui kama ulikuwa ukiniona vizuri siku zile. Mimi mwenyewe nilitembea kama niko ndotoni. Wakati mwingine njiani nilikuona mbele yangu na mtungi wako, mzima, unaharakisha, na mimi nikaongeza mwendo.

Tulipokuzika, watu wakaanza kusema kwamba bwawa limekufuata, kwamba maji yalikupenda yakaoza kwa majonzi. Maneno matamu, wifi. Niliyapenda, kwa kuwa yalinifunika. Hata nilimsimulia mgeni mmoja kutoka Nanyala, naye akafuta machozi.

Juzi ukaitishwa mkutano. Mwenyekiti akasema tufanye ibada ya kuliombea bwawa. Nikasimama. Nikasema bwawa liliharibika kabla hujaugua, kwamba ni mbolea ya mifuko yetu, na mfuko wa kwanza ulikuwa wangu. Nikaeleza na maji ya mwambani pia. Wenzangu wakatazama chini. Mmoja alikuwa amevaa sketi niliyomshonea.

Nilirudi nyumbani na kaka yako. Njiani nikamwambia nasikitika kwamba ulikufa ukiamini uongo wangu. Akasimama.

"Alijua tangu siku ya kwanza," akasema. "Alisema maji yana ladha ya mwamba. Nikataka kukuuliza, akanizuia. Akasema, mwache, siku akichoka kwenda mbali, mifuko ataiacha mwenyewe."

Nilikaa chini palepale njiani, wifi. Nilicheka, kisha nikalia, sikujua kipi ni kipi.

Kwa hiyo ulikuwa ukiyashikilia mdomoni ukinisubiri. Na mimi sikufika mapema.

Sasa mifuko tunaifulia mbali, katikati ya mahindi, kwenye karai, na yale maji tunayamwaga kwenye matuta. Bwawa bado ni kijani. Mabwana shamba wanasema litachukua miaka, kama litapona. Nakuahidi hakuna mfuko utakaolikaribia nikiwa hai, na atakayekuja nao atanikuta hapa juu ya jiwe, na mdomo wangu unaujua.

Pumzika, Tumaini. Nimechoka kwenda mbali.

Mke wa kaka yako