Aliyechukuliwa na Mgeni

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa katika kituo kidogo cha polisi cha sokoni, tarehe 2 ya Mwezi Mdogo, kuanzia saa nane mchana.

Jina: (limeachwa wazi)
Umri: miaka ishirini na tisa
Kazi: dobi
Makazi: kwa sasa sina. Zamani nilikaa nyumba ya tatu nyuma ya kiwanda cha sabuni.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu, ingawa kwa kweli sijatajwa. Koplo ameniuliza jina zaidi ya mara moja na kila mara nimemwomba aache nafasi wazi. Sababu itaonekana humu. Nimeonywa kusema kweli, nami nitaisema yote isipokuwa hilo jina.

Mimi ni muumini wa dini ya Mgeni tangu kuzaliwa, kama karibu kila mtu wa mji huu. Koplo naye ni muumini, lakini amesema faili huenda likasomwa na mkubwa asiyeijua dini yetu, kwa hiyo nieleze. Mgeni hana hekalu. Wasindikizaji, yaani viongozi wetu wenye majoho ya kijivu, humleta nyumba moja akakaa siku saba, kisha humpeleka nyumba nyingine. Haonekani. Ila mto aliokalia hubonyea, maji uliyomwekea hupungua, na moto wa taa hulala upande wake hata kama hakuna upepo. Haya sikusimuliwa, nimeyaona.

Siku ya kumuaga, watu wote wa nyumba huketi mkekani kimya, wamejifunika nyuso kwa vitambaa, mpaka kengele ya Wasindikizaji ilie barabarani. Wakijifunua hukuta kitu kimoja hakipo. Mgeni amekichukua. Kwa kawaida ni kitu cha hivi hivi tu, ufagio au ndala ya mguu mmoja, na badala yake huacha neema. Kilichochukuliwa hakitafutwi. Kikionekana, na mwenyewe akatamka kuwa ni chake, basi kimerudi, na neema nayo humrudia Mgeni.

Jirani yetu mshona viatu alichukuliwa kijiko, na kisima chake kilichokuwa kikavu kikajaa maji. Mwaka uliofuata alihamisha jiko akakikuta nyuma yake. Alikiinua mbele yetu sote akasema, "Ala! Si kijiko changu hiki!" Kabla jua halijazama ndoo yake ilikuwa inagonga mawe matupu. Tulimcheka mpaka mbavu zikauma. Mkewe hakucheka.

Mnamo tarehe 4 ya Mwezi Mkubwa, yaani mwezi uliopita, yapata saa mbili asubuhi, tulikuwa tunamuaga Mgeni nyumbani kwetu. Mkekani tulikuwa wanne: mume wangu, ambaye ni fundi baiskeli, mama mkwe wangu, mimi, na mtoto wetu wa kiume wa miaka sita niliyekuwa nimempakata. Mtoto huyu alizaliwa na miguu isiyo na nguvu. Nilimbeba mgongoni miaka yote hiyo. Nilifua naye mgongoni, nikapiga pasi naye mgongoni, na wenzangu kazini walikuwa wakinitania kuwa nimeota nundu inayoongea. Kuongea aliongea kweli, tena bila kituo. Kwa mganga gani hatukwenda, dawa gani hatukumpaka. Mgeni alipoletwa kwetu sikumwomba kitu kingine.

Tukiwa tumejifunika, nilisikia mtu ananinong'oneza sikioni kupitia dirisha lililokuwa nyuma yangu. Alikuwa dereva wa lori la chumvi, kijana wa kwetu nilikozaliwa. Alisema, "Dada, mama yako hali yake mbaya. Gari nimeliacha linanguruma. Twende sasa hivi, ukichelewa utamkosa."

Sikuweza kumjibu, wala kumwambia mtu yeyote mle ndani. Anayefungua mdomo saa ile amemfukuza Mgeni, na hiyo ni aibu ambayo hata wajukuu zako wataoneshewa vidole. Nilimlaza mtoto taratibu karibu na baba yake. Kisha nikamgusa mama mkwe gotini mara mbili, nikabonyeza, maana yake mimi nakwenda kwa mama. Alikuwa anajua kuwa mama yangu ni mgonjwa. Aliitikia kwa kichwa chini ya kitambaa chake. Nikaona tumeelewana, nikatoka kwa mlango wa nyuma nikiwa sina hata viatu.

Mama yangu alichukua muda kufa. Alikuwa hivyo katika kila jambo, hana haraka. Nilimuuguza, nikamzika, nikagawa nguo zake kwa majirani. Katikati ya hayo nilimtuma dereva apeleke salamu nyumbani. Aliporudi hakunitazama usoni. Aliniambia tu kuwa salamu hazikufika, amekuta ngoma na watu wengi, na kwamba nikirudi nitajionea mwenyewe. Nilidhani mume wangu ameoa. Nililia njia nzima nikipanga maneno ya kumwambia, na mengine yalikuwa makali siwezi kuyarudia mbele ya koplo.

Leo saa nne asubuhi nilishuka kwenye lori karibu na kiwanda cha sabuni nikaingia uchochoroni kwetu. Mlango wa nyumba yetu ulikuwa umefungwa vitambaa vya kijivu juu hadi chini, na wanawake nisiowajua walikuwa wamepiga magoti kwenye kizingiti. Nilimuuliza mmoja kuna nini. Akasema, "Wewe si wa hapa? Mgeni amemchukua mama mzima katika nyumba hii. Mama mzima! Na mtoto wake kiwete akasimama kabla kengele haijanyamaza."

Mbele yangu kulikuwa na mtoto anayekimbiza ringi ya baiskeli kwa kijiti. Nikajiuliza, mtoto wa nani huyu, mbona ana masikio ya mume wangu.

Naomba koplo anipe maji kidogo.

Ninaendelea. Mtoto aliniona, akaiacha ringi ijiendee, akapiga kelele, "Mama!" Akanikimbilia. Sijawahi kukimbiliwa na mwanangu. Nilipiga goti nikafungua mikono. Akaita tena, "Mama! Mama yangu!" na hapo hapo, hatua mbili kabla hajanifikia, miguu yake ikalegea akaanguka kifudifudi. Nilimwinua. Miguu ilikuwa inaning'inia kama zamani, baridi, mizito. Najua uzito huo. Hakuna mtu anayeujua kuliko mimi.

Mume wangu alitoka mbio akanikuta nimemshika mtoto. Alikuwa amekonda sana. Alisema, "Mke..." na mama mkwe, aliyekuwa nyuma yake, akamziba mdomo kwa kiganja. Huyu ni mwanamke ambaye tangu niolewe hajawahi kusifu hata maji niliyochemsha. Alinitazama, na machozi yalikuwa yanamtiririka, akasema kwa sauti ambayo uchochoro wote uliisikia, "Simjui mwanamke huyu. Mkwe wangu amechukuliwa. Siku ile Mgeni alinigusa hapa gotini. Mara mbili."

Sikumwambia ulikuwa mkono wangu. Kwanza nisingeweza. Pili, sina hakika tena kama ulikuwa wangu peke yangu. Mimi nilidhani nimechukuliwa na lori la chumvi, lakini mtoto alisimama, na lori halisimamishi mtu.

Mtoto alikuwa analia, "Bibi, ni mama, mwambie ni mama," na kila alipolitamka neno hilo miguu ilizidi kuwa baridi mikononi mwangu. Nikamweka chini. Nikarudi nyuma. Nikamwambia, "Wewe mtoto, umenifananisha. Mimi siye mama yako."

Hakuamini. Nikasema tena, kwa ukali safari hii, kwa sauti ambayo sijawahi kumtolea hata alipomwaga wanga wa kupigia pasi. Alinyamaza. Baadaye akashika ukuta akainuka, mguu mmoja, kisha wa pili. Nilisubiri mpaka nikaona amesimama bila ukuta.

Majirani walikwisha kujaa. Walipiga kelele kuwa mimi ni tapeli, nimekuja kumdhihaki Mgeni, nikachaniwa mkono wa gauni na kupigwa mgongoni. Aliyenikamata na kunivuta mpaka hapa kituoni ni yule mshona viatu. Huyo ananifahamu vizuri, nimemfulia mashuka miaka mingi. Njiani hakunipiga wala kuniangalia, alikuwa ananikinga na wenzake kwa bega lake. Simdai kitu. Nadhani ndiye aliyenielewa upesi kuliko wote.

Koplo ameniambia kuwa nikitaja jina langu hapa, ataandika, Wasindikizaji wataitwa, mume wangu na mama mkwe watahojiwa, na nitarudishiwa nyumba yangu, mume wangu na mwanangu kwa mujibu wa sheria. Nimeelewa. Nakitaka kila kitu alichokitaja. Nimekuwa na hamu na mtoto huyu siku zote nilizokuwa mbali, nilikuwa naamka najipapasa mgongo. Lakini nikilitamka jina langu nimerudi, na nikirudi ataketi chini na hatainuka tena. Kwa hiyo silitamki.

Mnamo saa tisa alasiri koplo alimwita mume wangu anitambue. Alikuja na mtoto, maana mtoto alikataa kubaki. Walisimama upande wa pili wa kaunta. Koplo aliuliza, "Unamjua huyu?" Mikono ya mume wangu ilikuwa na grisi, na alikuwa anaifuta kwenye suruali, anaifuta tu. Akasema, "Simjui, afande." Akaweka viatu vyangu juu ya kaunta, akasema nyumbani kuna viatu visivyo na mwenyewe, na mpita njia asitembee pekupeku. Nilimwambia asante, baba. Sikuweza kumwita vingine.

Mtoto alipita chini ya kaunta akaja mpaka kwenye benchi langu. Alinitazama kwa makini. Akasema, "Unafanana na mama yangu."

Nikamjibu, "Watu hufanana."

"Mama yangu amechukuliwa na Mgeni."

"Basi Mgeni ana bahati."

"Bibi amesema mama haoni huku. Haoni hata nikikimbia." Sijui kama alikuwa ameniamini au alikuwa ameelezwa na akaelewa kuliko umri wake. Alikuwa ananitazama machoni, hapepesi. Akauliza, "Wewe unataka kuona ninavyoruka?"

Nikasema ndiyo.

Akaruka. Akaruka pale pale kwenye sakafu ya kituo, miguu yote miwili juu, akatua. Nikamwambia sijaona vizuri, ruka tena. Akaruka tena. Niliendelea kumwambia sijaona vizuri, naye aliendelea kuruka, mpaka baba yake akamshika mkono wakaondoka.

Sina la kuongeza. Nimesema nilivyoona na nilivyofanya, kwa hiari yangu.

Sahihi ya shahidi: (dole gumba la kulia)

Maelezo ya mwandikaji: Nimemsomea shahidi maelezo haya naye amekubali kuwa ni sahihi. Anajua kuandika lakini ameomba kuweka dole gumba. Hakuna aliyemtambua. Hakuna kesi iliyofunguliwa. Shahidi aliondoka saa kumi na moja jioni, amevaa viatu. Nafasi ya jina nimeiacha wazi mimi mwenyewe, na mkubwa akitaka kuniuliza kwa nini, asome tena kuanzia juu.

Koplo wa zamu.